Buti Lililopondwa na Foklifti

Miaka ya themanini nilikuwa karani katika ghala la sukari mjini Kisumu. Asubuhi moja foklifti, gari la kuinulia magunia lililoendeshwa na Otieno, ilirudi nyuma ikakanyaga buti langu. Nilianguka nikipiga mayowe, "Vidole vyangu vimeisha!" Meneja akamfuta Otieno kazi papo hapo. Wapakiaji wanne wakanibeba hadi zahanati, nami njiani nikawaomba wamwambie mke wangu asiolewe upesi.

Muuguzi alilikata buti polepole, bandeji mkononi. Vidole vyote vitano vilikuwepo, vizima, vinachezacheza. Kilichopondwa kilikuwa ncha tupu ya buti la saizi kumi, na mimi navaa saba.

"Mzee, nifunge wapi?" akauliza.

Niliuvuta mguu nikauficha chini ya shuka. Otieno alikuwa mlangoni, macho yamemvimba kwa kulia.

"Bwana karani," akasema, "simama, twende kwa meneja."