Misumari ya Mtakatifu Barnaba

Uvumi ulimfikia Herlinda Xochihua kabla hajamaliza uji wake wa mahindi. Ulivuka barabara pamoja na shoga yake Obdulia, muuza maandazi ya mahindi yenye maharage ndani.

"Shoga, wanasema wewe ndiye unayemwaga misumari barabarani."

"Mimi?"

"Wewe. Eti alfajiri. Eti umevaa kofia."

"Kofia ya nini?"

"Hata mimi niliuliza. Wakasema kuna mtu kaonekana hapo kwenye tuta, na kofia yake pana."

Herlinda alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Ni kweli magari yalikuwa yakipata pancha tangu mwezi uanze, na yote palepale kwenye tuta, hatua chache kutoka kwenye nguzo alikotundika tairi kuukuu ili wapita njia wajue yeye ni fundi wa pancha. Kazi yenyewe aliirithi kwa kaka yake, aliyekwenda kaskazini kuchuma nyanya akamwachia kompresa, amtunzie kidogo tu. Kaka hakurudi. Kompresa ilizeeka, naye Herlinda akaota mvi pembeni yake, wakikoroma pamoja.

Wateja wangeondoka, wengine wangekuja. Kilichomuuma ni Jumapili. Jumapili ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Barnaba, na Herlinda alikuwa na nafasi ya bega lake kwenye machela ya kubebea sanamu ya mtakatifu: bega la mbele, upande wa kulia. Mama yake alibebea hapo hapo mpaka magoti yalipomkatalia. Lakini anayegawa mabega ni msimamizi wa sherehe, na msimamizi wa mwaka ule, Don Fidencio, alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu kuliko radi. Pale kwao Tepetzala, mtu anayesemwa hasimami chini ya mtakatifu.

Ijumaa asubuhi Don Fidencio akaja na pikapu yake. Alilivuka tuta, akaona amepitiliza, akarudi kinyumenyume. Tairi la nyuma likafanya *fsss*. Akashuka, kofia mkononi, uso wa msibani.

"Mama Herlinda, nimekuja na neno zito."

"Neno lisubiri, mzee. Tairi lako linakata roho."

Akaligeukia. "Hata mimi?"

"Hata wewe. Na hili nalo utasema nimekutegea wewe hasa?"

Herlinda akaweka jeki, akafungua gurudumu, akaushika msumari kwa koleo na kuuvuta. Misumari ya siku zile ilimfikia imesuguliwa na lami mpaka ikang'aa. Huu ulikuwa haujasuguliwa bado, na chini ya kichwa chake kulinasa kipande cha karatasi ya waridi, ile laini inayokunjwa kuwa maua.

Alikitazama kipande kile kwa muda. Angeweza kupiga kelele pale pale, barabara nzima isikie. Lakini alikuwa amekula uvumi siku nzima iliyopita, akajua ladha yake. Akazunguka nyuma ya pikapu, akachungulia.

Ndani mlikuwa na mbao za tao la maua la mwaka jana, zile zinazosimamishwa mlangoni mwa kanisa, mabaki ya maua ya karatasi yakining'inia. Kando yake kulikuwa na kopo la rangi, limejaa misumari.

"Mzee, na hii ni ya nini?"

"Ya tao. Kila alfajiri napeleka mbao kidogo kidogo kanisani. Misumari naing'oa, nainyoosha, tutaitumia tena. Mali ya mtakatifu haitupwi, mama."

"Haitupwi," alisema Herlinda. "Inadondoka."

Akaliinua kopo. Kitako chake kilikuwa kimeliwa na kutu, na sakafu ya pikapu chini yake vilevile. Barabara ilionekana wazi. Msumari mmoja ukateleza kwenye tundu, ukagonga lami, *tii*.

Ng'ambo, Obdulia aliweka mwiko chini.

"Mzee Fidencio!" alipaza sauti. "Kumbe ile kofia ni yako!"

Mzee akaitazama kofia mkononi kana kwamba kakabidhiwa na adui. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu aliyekuwa akiogopa tangu alfajiri.

Herlinda alikwangua tyubu, akapaka gundi, akabandika kiraka, akaitumbukiza kwenye pipa la maji. Hakuna povu.

"Ulikuja na neno zito," alimkumbusha.

"Nimelisahau."

"Zito hivyo, ukalisahau?"

"Lilikuwa..." Mzee aliizungusha kofia. "Lilikuwa kwamba Jumapili uwahi. Bega lako la kulia linakungoja. Nisamehe, mama." Kisha kwa sauti ya chini: "Je, utawaambia watu?"

Herlinda akamtazama Obdulia, aliyekwisha kufunika karai na kujifunga mtandio vizuri, tayari kwenda mjini.

"Mimi? Sina haja, mzee."

Jumapili mvua iliwahurumia. Mtakatifu alishuka barabara na tarumbeta zake, na machela yakamkaa Herlinda begani mahali palepale yalipomkaa mama yake, kwa uzito uleule, alidhani. Walipokaribia tuta aliita, "Taratibu, tuta!" na sauti ikamjibu kutoka kwenye umati, "Na misumari!" Watu wakaangua kicheko.

Nyuma kabisa, baada ya wapiga tarumbeta, Don Fidencio alitembea katika suti yake nyeusi, akikokota kwa kamba sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Kila mara aliinama kuikagua. Kofia aliiacha nyumbani.