Moshi Mweupe wa Asubuhi

Asubuhi za Eldoret kila kitu hutoa moshi. Ng'ombe wa jirani, sufuria ya chai, wanariadha wanaopita mbio kuelekea Kaptagat, mimi mwenyewe nikifungua lango. Kwa hiyo gari la marehemu baba lilipofuka moshi mweupe uani, hakuna aliyeshtuka. Tulilipenda hivyo. Mimi nililiwasha kila alfajiri, Mama akaketi kiti cha abiria, upande wake wa miaka yote, na ule moshi ukachanganyika na ukungu wa shamba la mahindi hadi nikashindwa kujua ua wetu unaishia wapi.

Tatizo lilikuwa maji. Nikijaza rejeta leo, keshokutwa yamepungua, na chini ya gari pakavu kabisa. Nilitandaza maboksi chini ya injini. Asubuhi nikayaokota bila hata doa. Fundi wetu, mtu wa makamo mwenye gereji ya wazi kwenye njia ya Kesses, alikagua mipira, pampu, hata zulia la miguuni.

"Hii gari haivuji," akasema. "Labda inakunywa tu, kama vile Mzee alipenda chai."

Ningecheka, lakini dada mkubwa wa Mama alikuwa mahututi kwao karibu na ziwa, na Mama alikuwa ameapa kwenda kumwona kwa gari hilo hilo. Baba ndiye aliyempeleka huko kila mara. Niliogopa miteremko ya kushukia ziwani, niliogopa gari kutuzimikia njiani, na zaidi niliogopa tuchelewe. Nilipomwambia tupande basi, alininunia siku nzima.

Siku ya safari tulipanga kuondoka alfajiri. Kumbe Mama alikuwa amewaambia akina mama wa kanisa, nao wakaja kutuombea. Kwetu maombi ya safari hayaendi bila chai, na chai haimaliziki kabla kila mtu hajatoa neno. Nilichemka kuliko injini. Tulipotoka nje jua lilikuwa la utosi na anga halina wingu.

Nikawasha gari. Likafuka moshi mweupe, mzito, ukapaa polepole juu ya nguo zilizoanikwa, ukawafunika akina mama wale waliokuwa wakitupungia mikono, wakawa kama watu wa ndotoni. Nilikaa nikiutazama, nimeduwaa kwa uzuri wake, kabla akili haijanirudia. Pumzi yangu haikuonekana. Ya ng'ombe haikuonekana. Ni gari peke yake lililokuwa bado asubuhi.

Nikazima, nikampigia fundi simu. Alikuja, akangoja injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta na kuniambia niwashe. Mapovu yakaanza kupanda, moja baada ya jingine, bila haraka yoyote. Akaenda nyuma, akakinga kiganja kwenye bomba la moshi, kikarudi na unyevu.

"Gasketi ya hedi imeenda," akasema. "Maji inaingia ndani ya injini, inachomwa, inatoka na moshi. Na sisi kila asubuhi tunasema ni baridi."

"Huwezi kaza tu twende?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Lazima nifungue injini, hedi ipelekwe isawazishwe. Mkishuka nayo hivi itaungua njiani."

"Itachukua muda gani?"

"Kama wiki hivi."

Mama alipapasa boneti. Nilitamani kumshika mkono, nikashindwa. Kisha akachukua mkoba wake kutoka kiti cha mbele.

"Dada yangu hawezi kungoja wiki," akasema, akatangulia langoni. Jioni hiyo tulifika kwa basi.

Mama mkubwa alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, akili yake ikienda na kurudi. Alimtambua Mama mara moja. Akamshika kidevu, kisha akatazama mlangoni nyuma yake, akatazama tena.

"Shemeji yuko wapi?"

Mwaka uliopita alikuwa ameketi mstari wa mbele kwenye mazishi ya baba, nami nilimwona akilia. Nikaangalia sakafu. Mama akavuta kiti karibu.

"Amebaki kwa fundi," akasema. "Gari inatengenezwa."

"Huyo na gari yake!" Mama mkubwa akafumba macho, akitabasamu.

Mama alicheka, akalia, na hakuuachia mkono wa dada yake.