Damu Iliyoandikwa Apiyo

Uvumi ulianzia kisimani: damu ya mtoto ikishaingia kwenye sanduku la barafu, roho yake huifuata mjini. Nilijua ni maneno ya watu tu, lakini hayakunitoka.

Saa moja asubuhi Lamunu Filder anaingia kijijini kwetu, nje ya mji wa Kitgum, sanduku hilo limefungwa nyuma ya pikipiki. Ni mratibu wa utafiti wa ugonjwa wa kuinamisha kichwa, aina ya kifafa cha watoto. Yeye hatibu wagonjwa. Anaomba ruhusa ya wazazi, anapanga nani apimwe lini, anapeleka damu na kurudi na majibu. Ana watoto sitini na wanne katika vijiji kumi na kimoja. Walikuwa sabini na wawili.

"Ficheni watoto, mnyonya damu kaja!" anapaza sauti mzee Otoo.

"Ningekuwa nauza damu, baba, ningepanda pikipiki inayokohoa hivi?" Lamunu anamjibu.

Watu wanacheka. Mimi zamani sikuwa nikicheka.

Nina mapacha wa miaka tisa, Apiyo na Acen. Anayeumwa ni Apiyo, anayemeza vidonge vya kutuliza ugonjwa. Ugali wa ulezi ukitua tu mkekani, kichwa chake kinashuka, kinapanda, kinashuka, kama anamkubalia mtu tusiyemwona. Acen humshika kidevu mpaka kichwa kitulie, kisha wanaendelea kula bakuli moja.

Mwaka jana ilipofika siku ya kupima kiasi cha dawa kwenye damu, niliogopa roho ya Apiyo itaondoka. Nikamwacha nyumbani na shangazi yake, nikamchukua Acen, aliye mzima. Huko zahanati, mchoma sindano alikuwa mgeni. Akaita, "Apiyo!" Acen akanyoosha mkono wa kushoto. Lamunu alikuwa nje akimbembeleza mama mwingine.

Niliporudi, shangazi alinisimamisha mlangoni. "Wee, umempeleka nani huko? Huyu kashika mkono wa kushoto, analia, 'Wananichoma, wananichoma.' Jua lilikuwa utosini."

Ndiyo saa ile ile Acen aliyochomwa sindano.

Majibu yakaja: damu haina dawa hata chembe. Madaktari wakauliza kama Apiyo anameza vidonge. Nikaapa anameza, asubuhi na jioni, na ilikuwa kweli. Wakaongeza dawa, ikawa mara mbili. Nikampa kwa mkono wangu mwenyewe.

Apiyo akalala siku mbili. Nilimwita, nikammwagia maji, wapi. Acen alikaa karibu na kichwa chake akimjibia kila nilipoita.

Siku ya tatu Lamunu alifika bila kuitwa. Akamfungua Apiyo macho kwa kidole.

"Mama Apiyo, damu haina dawa, na mtoto amelewa dawa namna hii. Ile damu ya nani?"



"Yangu," Acen akasema.

Lamunu hakunitukana. Alimfunga Apiyo mgongoni kwa shuka langu, akawasha pikipiki. Hospitalini Apiyo alizinduka siku ya nne.

"Kosa liliandikwa kuwa langu," Lamunu anasema. "Nilijua kuna mapacha, sikuwapo kuwatazama. Vipimo vya mwaka mzima vya mtoto huyu tukavifuta, tukaanza upya."

Nilimuuliza kuhusu kile kilio cha Apiyo. Akajibu, "Fomu yangu haina mahali pa kuandika hilo. Lakini wewe ni mama wa tatu kuniambia."

Mpango wake sasa ni damu ichukuliwe nyumbani, ukoo mzima ukitazama, na sanduku lifunguliwe mbele ya watu. "Waone barafu, chupa na jina la mtoto. Basi."

Kwa kina mama wenzangu, haya muyaepuke:

Usipeleke mtoto mzima kwa jina la mgonjwa.

Usigawe vidonge vya mmoja kwa wawili, hata kama wanakula bakuli moja.

Usimwache mgonjwa peke yake na moto, wala na maji.

Usimfunge kamba kwenye mti ukienda shamba.

Ukikosea, usimfiche mratibu. Aibu haiui, dawa inaua.

Na kama ni mapacha, siku ya sindano usiwatenganishe.