Samaki Asiyenuka

Yule samaki hakutoka ziwani. Nimelikana jambo hili kwa miaka mitatu, mbele ya mume wangu, mbele ya wifi yangu, na Jumapili moja hata mbele ya mchungaji, ambaye alikuwa ameniuliza tu kama likizo ilikuwa nzuri. Nilimnunua njiani, Uyole, kwenye friza ya duka linalouza pia misumari na sare za shule.

Chanzo kilikuwa ombi. Mama mkwe wangu anaishi kijijini Iringa, huko juu ambako ukungu huingia ndani bila hodi. Tulipompigia simu kumwambia tunakwenda likizo Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hakuomba kitenge wala chungu.

"Nimekula samaki tangu utotoni," alisema, "lakini wote walinifikia wamekauka kama soli ya kiatu. Niletee mmoja mbichi, mwanangu, nimjue kabla sijafa. Chagua wewe, umesoma."

Hilo "umesoma" lilinipanda kichwani. Miaka yote ya ndoa yangu mama huyu alikuwa akinitazama nikimenya viazi kama unavyomtazama mgonjwa anayejaribu kutembea. Sasa, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na kitu ambacho aliamini ninakiweza.

Nikajiandaa kama ninayekwenda kutetea tasnifu. Nilisoma kwenye simu jinsi ya kumtambua samaki mbichi: macho yang'ae, matamvua yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Nikanunua na kasha la barafu. Asubuhi ya siku ya mwisho nilimwacha mume wangu akifunga mizigo, nikashuka ufukweni na miwani yangu ya jua. Kina mama wachuuzi walikuwa wameshaizunguka mitumbwi na mabeseni yao. Mvuvi mmoja, mtu mzima aliyevaa kofia ya sufu katika joto lile, akaninyanyulia mbasa, samaki wa ziwa lile, mrefu kama mkono wangu. Macho yaling'aa. Matamvua mekundu. Nikabonyeza, nyama ikarudi. Kisha nikafanya jambo ambalo simu haikunifundisha, bali nilifundishwa na mama yangu mzazi sokoni: nikainamisha pua.

Hakunuka kitu.

Kwetu milimani samaki hufika mkavu, na hujulikana kwa pua. Siku ya gulio harufu yake ilikupokea kabla hujafika hata kwenye mbuzi. Mama alimnusa kila mmoja kwa zamu, na asiyenuka alirudishwa kwenye mkeka kwa dharau, kwamba huyo ameisha, ni miiba tu. Kwa hiyo shahada zangu mbili zilikuja nami hadi mchangani, zikashindwa na pua ya mama yangu.

"Mbona hanuki?" nikauliza.

"Ndiyo kwanza katoka majini, dada. Anuke nini?"

"Mmempaka dawa."

Kina mama waligeuka wote. "Dawa gani, ya usingizi?" mmoja akauliza. Mwingine akadakia, "Mpeni tu, mpaka afike Tukuyu atakuwa ananuka vizuri!"

"Kama unamtaka wa harufu," mvuvi akasema kwa upole ulioniuma kuliko kicheko, "nikuwekee hapa juani, uje jioni."

Nikamrudishia samaki wake, kisha nikawahutubia kuhusu haki za mlaji. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilipoimaliza, mabeseni yalikuwa yameshapanda barabarani, mbasa wangu akiwa ndani ya mojawapo, na pale ufukweni pamebaki wavu na dagaa wachache waliokwama matunduni.

Nikapakia kasha garini likiwa limefungwa, bila samaki ndani. Mume wangu hakuuliza. Uyole alisimama kuweka mafuta, nami nikavuka barabara kwenda "kutafuta maji ya kunywa". Kwenye friza nikachagua kibua mkubwa kuliko wote, mgumu kama tofali, samaki wa baharini ambaye sijui alifikaje huko. Tulipofika Makambako barafu ilikuwa imekwisha. Tulipofika kwa mama, tulikuwa tumeteremsha vioo vyote.

Mama mkwe alifunua kasha, akanusa, akafumba macho.

"Sasa huyu," alisema, "ndiye samaki."

Wifi yangu, mwalimu aliyewahi kufundisha pwani, akauangalia mkia. "Mbona kama kibua, wifi?"

"Mbasa," nikasema. Nikaongeza kwamba ziwa lile lina samaki wa jamii nyingi mno, ambao hata wanasayansi hawajamaliza kuwahesabu. Mama akamkemea bintiye: mwenzako kasoma. Tangu siku hiyo nikawa mkwe anayeaminika, na kila Krismasi wifi aliniuliza hali ya mbasa.

Mwezi uliopita kina mama wa usharika wao walikodi basi kwenda kuliona ziwa. Nilikuwa nyumbani, mtaani kwetu Soweto, nasahihisha makala, simu ikaita.

"Kamwene, mwanangu. Niko hapa Matema. Nimeweka spika, wenzangu wote wanakusikia."

"Kamwene, mama."

"Huyu baba ana mbasa hapa, lakini hanuki hata kidogo. Nimemwambia siyo huyu, mkwe wangu alimnunua hapahapa, alinuka mpaka kwa jirani. Yeye anabisha. Na dereva anapiga honi. Sema neno moja tu, nimrudishie samaki wake tuondoke."

Neno moja. Nilisikia mawimbi, honi, na kikohozi ambacho hakingeweza kuwa cha mtu mwingine ila wifi yangu. Mama yule alikuwa amesafiri siku nzima kumfuata samaki mbichi, na alikuwa tayari kumwacha kwa sababu yangu.

"Mchukue, mama. Huyo asiyenuka ndiye. Wa kwangu nilimnunua dukani, Uyole."

Kisha wifi, kwa mbali, kama mtu aliyeshinda kesi: "Kibua!"

Basi lote likacheka. Likacheka muda mrefu. Halafu nikamsikia mama mkwe akimgeukia mvuvi.

"Haya baba, nifungie huyo. Na mwingine wa mkwe wangu. Maskini, kumbe naye hajawahi kumwonja."