Pesa Iliyosuguliwa

Tangu vita viishe, makarani wa mjini wameshikwa na wazimu wa kukusanya sarafu. Juzi, nikingoja feri kivukoni Likoni, mmoja wao, mzee mwenye ndevu za hina, alimwendea mama muuza mahamri aliyemwahidi pesa ya shaba ya zamani, ile yenye picha ya mizani. Mama akaifungua kwenye leso, ikamemeta.

"Lahaula! Umeisugua?"

"Kwa ndimu na jivu. Nikupe kitu kichafu, bwana?"

"Ule weusi sisi wakusanyaji twauita ngozi. Ndio uzee wake, ndio uzuri wake!"

Mama akamtazama kidevuni, taratibu.

"Na hizo ndevu, mbona uzee wake umeuficha?"

Karani akashika kidevu, akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na pesa akaichukua. Mimi nikageuka nikatazama feri, maana hina ya ndevu zangu mimi ilikuwa bado mbichi.