Kadi Mbili na Sikio la Dereva

Baba aliendesha malori miaka mingi, hadi kiharusi kilipomwachia mguu wa kulia mzito na daktari akamkataza usukani. Akarudi nyumbani Mugutha, akakaa. Kukaa tu! Mtu aliyekuwa akijaza nyumba kwa sauti sasa anauliza kama maji yametoka, basi.

Nikamwekea gemu ya kuendesha malori kwenye kompyuta yangu. Alijaribu siku moja. Picha zilikwama kila kona, akashikwa na kizunguzungu, akanirudishia ule usukani wa plastiki. "Hii imechoka kama mimi, maitu," akasema. Huniita maitu, yaani mama kwa Kikuyu, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Iliniuma sana. Nilijua nikimkalisha hapo tena na ikwame, hatarudi.

Kwa hivyo nikaanza kutafuta kadi ya grafiki, kile kipande cha ndani kinachochora picha za gemu. Wiki tatu nilisoma maoni ya watu mtandaoni mpaka macho yakauma. Uwezo wangu ulifika kwa mbili: mpya, ndogo, feni moja, giga nne, na ya mtumba, kubwa, feni mbili, giga nane. Nikaamua ya mtumba. Baba mwenyewe hajawahi kupenda spea mpya. Kwake, orijino iliyotolewa kwa gari kuukuu la Japani inashinda chochote cha dukani.

Tukaenda naye Thika. Muuzaji akaiwasha ile kubwa, picha zikateleza vizuri. Nilikuwa nimeshatoa simu nilipe.

"Ngoja," Baba akasema. Akaegemea fimbo yake, akaweka sikio karibu na feni, akafumba macho. Akaomba izimwe. Akagusa katikati ya feni kwa kidole, akanusa.

"Hii imepakwa mafuta leo," akamwambia muuzaji. "Beringi imeisha. Hata mimi nimeuza gari hivyo."

Muuzaji akacheka kama mtu aliyeshikwa. "Aki mzee, feni ni kitu kidogo."

"Ikisimama ukipanda mlima wa Salgaa na tani ishirini na nane, utaniambia ni kitu kidogo?"

Nilikasirika, nakubali. Mimi hukasirika haraka. Giga zangu nane zimepinduliwa na pua! "Baba, hiyo ndogo itakwama," nikamwambia.

"Tutaendesha pole pole."

Tangu hospitali nilikuwa sijamsikia akisema ataendesha kitu chochote. Nikalipa ile mpya.

Nyumbani nilipunguza ubora wa picha mpaka miti ikafanana na sukuma wiki iliyopikwa kupita kiasi. Barabara, lakini, ilitiririka. Baba akatoa lori yadi, akapita kona ya kwanza, ya pili, akamtukana dereva wa mbele kwa Kikuyu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nalia kwa furaha, na sioni haya kusema.

Mami akaita kutoka jikoni kwamba chai iko tayari, aje mezani.

"Niwekee kwa thamosi," Baba akajibu bila kugeuka. "Nimebeba mzigo."

 Nikamsikia Mami akivuta kiti, apande afikie kabati la juu, ambako thamosi yake ya safari ilikuwa imekaa tangu kiharusi.