Kamba Iliyovuta Gari

Ulikuwa mwaka ule tuliokula maboga. Mahindi yalikauka yakiwa ya magotini, maboga yakakubali, basi tukala maboga asubuhi na maboga jioni mpaka wajukuu wakawa wanakimbia wakisikia mfuniko wa sufuria. Mvua ilikuja baadaye, nyingi, wakati haina kazi tena. Ndipo Bura akafika kwangu, kijijini Qurus.

Bura ana kampuni ya kupandisha wageni kwenye majabali, na amemwajiri mjukuu wangu Paskalina. Huyo binti amesomea kupanda kule Moshi, cheti anacho, na mimi nimejisifia naye sokoni mpaka watu wamenichoka. Sasa angetangulia kupanda mbele ya wageni kwa mara ya kwanza, na Bura alitaka bibi yake aibariki kamba.

"Si kwenu mlikuwa mnabariki kamba za asali?" alisema.

Ni kweli. Marehemu mume wangu alishuka gengeni kufuata nyuki, na kamba yake niliibariki mimi kwa maziwa. Kamba ile haikufunga ng'ombe, haikubeba kuni, mtoto akiiruka alichapwa. Nikakubali. Nikavaa kitenge kipya.

Karatu mjini, asubuhi, Bura alifungua stoo. Paskalina akanionyesha vitu kimoja kimoja. Kofia ngumu aliigeuza kwenye mwanga kutafuta ufa. Mkanda wa kiunoni aliuvuta mishono. Vile vyuma vya kuunganishia, wenyewe huviita karabina, alivibonyeza kimlango. Kisichojifunga chenyewe alikiweka pembeni. Bura akanuna. Kamba aliipitisha mkononi yote, akiikunja kidogo kidogo.

"Usiangalie rangi, Bibi, shika. Ukikuta mahali palipolegea kama utumbo, hiyo ni ya kutupa."

Nilishika. Ilikuwa nzima. Nilifurahi kama nimeisokota mimi.

Njiani kwenda Endamarariek, liliko jabali, Land Cruiser ya Bura ilizama kwenye tope hadi milangoni. Trekta likapita, lakini halikuwa na mnyororo.

"Paskalina, leta kamba," Bura akasema.

"Kamba ipi?" nikauliza.

"Kamba ni kamba, Bibi. Wageni wanangoja."

Huku kwetu gari likikwama hata padri anavua viatu. Kukaa na kamba mtu akiwa kwenye tope ni aibu ya ukoo mzima, na Paskalina nilimlea mwenyewe na aibu hiyo. Akaitoa kwa mikono yake. Trekta likavuta. Kamba ikalia, ikasagika kwenye pembe ya bampa, gari likatoka. Bura akaikunja na tope lake akaitupa nyuma. Mimi sikusema neno mpaka tunafika, na wanaonijua wanajua hiyo si dalili nzuri.

Kwenye jabali, mchana. Juu yetu msitu wa Ngorongoro ulikuwa umefunikwa na wingu, chini yake wageni walisimama na simu zao tayari. Mama Naserian, Mmasai anayewauzia shanga mahali pale, alinipa kigoda na kibuyu cha maziwa ya kubarikia.

"Paskalina," nikasema, "ipitishe tena mkononi."

Akaipitisha. Katikati mkono wake ulisimama. Kisha ukapita haraka, kama umegusa kaa la moto.

"Iko sawa," akasema, akitazama viatu vyake.

Nikaweka kibuyu chini. "Kamba hii siibariki, na mjukuu wangu hapandi nayo."

Bura akacheka kwa ajili ya wageni. "Bibi, sema hata maneno mawili ya Kiiraqw chenu. Hawaelewi. Ni picha tu."

"Picha ya nini? Ya mtoto wangu akianguka?"

"Imevuta gari?" Mama Naserian akauliza. "Basi ni ya gari. Nirudishie maziwa yangu, yasije yakachacha bure."

Paskalina alinisogelea. "Bibi, unanikosesha kazi."

"Bora nikukoseshe. Mkono wako ulisimama wapi?"

  Akafungua mkanda wa kiunoni, akawaendea wageni, akawaeleza kwa Kiingereza. Wakashusha simu.

Kurudi, Bura hakutupakia. Tulitembea hadi tulipopata bodaboda, Paskalina mbele, mimi nyuma na kitenge changu cha tope. Hakunisemesha hadi Qurus. Kesho yake hakunisemesha. Na mimi nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa Bura, kwa maana Bura hajui kamba, lakini yeye anajua, na alitaka kunidanganya mimi niliyemlea.

Nilichojifunza nakisema wazi kwa wenye watoto wanaofanya kazi hizi: kukagua vifaa stoo hakutoshi. Kilichokuwa kizima asubuhi kinaweza kuwa kimekufa mchana, na mwenye cheti ataapa kiko hai akimwogopa bosi.

Jumapili, tumetoka kanisani, Bura akaja na kamba ileile begani. Ameifua kwa sabuni ya unga, ameianika, inanukia kama shuka za bi harusi.

"Bibi, tazama. Mpya kabisa. Wageni wengine wanakuja kesho."

Paskalina alitoka ndani, akasimama mlangoni nyuma yangu. Hakuinyooshea mkono kamba ile.

Sikuinuka hata kumkaribisha Bura.

"Kamba hii siibariki, na mjukuu wangu hapandi nayo."